Wakulima wa Marekani walifilisika kabla ya 1929: mdororo ulianzia wapi?

Swali la msomaji: "Nafundisha Historia sekondari mkoani Simiyu. Kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba Mdororo Mkuu wa Uchumi ulianza Oktoba 1929, soko la hisa la New York lilipoporomoka. Mwaka huu mwanafunzi mmoja, ambaye kwao wanalima pamba, aliniuliza: kwani wale wakulima wa Marekani walikuwa na hisa? Kama hawakuwa nazo, mbona walipoteza mashamba? Na inakuwaje mjini watu wapange foleni ya mkate wakati vijijini mahindi yanachomwa kama kuni? Nilimjibu juu juu tu. Naomba unisaidie."

Mwalimu, mpe huyo mwanafunzi pongezi zangu. Wakulima wa Marekani hawakuwa na hisa, ukiacha wachache sana. Mwaka 1929 nchi ile ilikuwa na watu zaidi ya milioni 120, na waliokuwa na akaunti kwa madalali wa hisa walikuwa kama milioni 1.5. Kilichomnyang'anya mkulima shamba ni deni. Aliandikiana deni kwa dola, akawa analilipa kwa mazao, na bei ya mazao ikashuka mwaka hadi mwaka huku tarakimu kwenye hati ya deni zikibaki palepale. Haya yalimpata mara mbili ndani ya miaka 60: kwanza tangu miaka ya 1870 hadi 1896, kisha tangu 1920 hadi 1933. Naomba nianze na ile mara ya kwanza, kwa sababu bila hiyo hatua za Rais Roosevelt mwaka 1933 zinaonekana kama zimedondoka kutoka mbinguni.

Sheria ya mwaka 1862 ilimpa ekari 160, karibu bure, kila aliyekubali kuishi kwenye ardhi hiyo na kuilima kwa miaka mitano. Ardhi yenyewe haikuwa pori lisilo na wenyewe. Ilikuwa ya mataifa ya wenyeji, Walakota, Wacheyenne na wengine wengi, waliosukumwa kwa bunduki na kwa mikataba iliyovunjwa. Mlowezi alipata ardhi bure, lakini jembe la kukokotwa, farasi, mbegu na waya wa uzio hakuvipata bure. Aliweka shamba rehani, akakopa fedha za wenye mitaji wa miji ya mashariki. Mazao yake yalikwenda sokoni kwa reli, na maeneo mengi yalikuwa na reli moja tu. Kampuni ya reli ilipanga nauli ya mzigo ilivyotaka, na mara nyingi mwenye ghala la nafaka pale stesheni ndiye aliyepanga daraja la ngano na bei yake.

Upande wa fedha mambo yalikuwa magumu zaidi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliendeshwa kwa noti ambazo hazikuwa na dhahabu nyuma yake. Baada ya vita wakubwa wa fedha walitaka nchi irudi kwenye dhahabu. Mwaka 1873 sheria ikaacha kutambua dola ya kawaida ya fedha, namaanisha madini ya fedha, na kuanzia 1879 noti zikawa zinabadilishwa kwa dhahabu. Watu wakaongezeka, viwanda vikaongezeka, mashamba yakaongezeka, lakini dhahabu ikaongezeka polepole. Fedha ikiwa haba na bidhaa nyingi, bei hushuka. Busheli ya ngano, kipimo cha kilo 27 hivi, iliyokuwa inauzwa kama dola 1 mwanzoni mwa miaka ya 1870, ilikuwa imefika kama senti 50 katikati ya miaka ya 1890. Ratili ya pamba, karibu nusu kilo, mwaka 1894 iliuzwa kwa karibu senti 5.

Fanya hesabu hii ubaoni, Mwalimu, wanafunzi wataelewa haraka. Mkulima wa Kansas amekopa dola 1,000 wakati ngano ni dola 1. Deni lake ni busheli 1,000. Ngano ikishuka hadi senti 50, deni lilelile ni busheli 2,000, na riba hatujaigusa. Amelima vizuri, mvua imenyesha, hajalewa wala hajacheza kamari, na bado deni limekua maradufu. Mkopeshaji naye anapokea dola zinazonunua vitu mara mbili ya zile alizotoa. Wapo wanauchumi wanaosema bei ilishuka pia kwa sababu nafaka ilikuwa nyingi duniani na meli na reli zilipunguza gharama za usafiri. Ni kweli, na bidhaa za viwandani nazo zilishuka bei. Lakini deni halikushuka, na hapo ndipo mkulima alipoumia.

Kusini, kwenye pamba, kulikuwa na kitanzi kibaya zaidi. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, Weusi walipata uhuru bila ardhi. Wenye mashamba nao walikuwa na ardhi bila fedha taslimu. Ukazaliwa ukulima wa kugawana mavuno: mwenye ardhi anatoa shamba, mkulima anatoa nguvu za familia yake nzima, wanagawana pamba. Chakula, mbegu na nguo mkulima anachukua kwa mkopo dukani, kwa bei ya mkopo iliyo juu kuliko ya taslimu, na mwenye duka anaandikiwa pamba ambayo bado iko shambani. Wakulima wa kahawa wa Kagera wanaujua mchezo huu kwa jina la butura. Mwenye duka alitaka ilimwe pamba tu, maana pamba haiwezi kuliwa wala kufichwa ndani. Mwisho wa msimu alifungua daftari lake, na aliyejua kusoma daftari alikuwa yeye. Salio likibaki, lilihamia mwaka unaofuata. Wazungu maskini nao waliingia humo kwa mamia ya maelfu.

Sehemu inayofuata hurukwa na vitabu vingi, nami naiona ndiyo tamu kuliko zote. Katika miaka ya 1870 wakulima wa Texas walianzisha Muungano wa Wakulima. Walituma walimu wao kijiji kwa kijiji, wakafungua ushirika wa kununua pembejeo na kuuza pamba pamoja. Charles Macune aliongoza ushirika mkubwa wa jimbo uliofunguliwa Dallas mwaka 1887. Mabenki yaliukatalia mikopo, ukafa baada ya miaka michache. Macune akafikiri upya: kama mabenki hayamkopeshi mkulima, basi serikali imkopeshe. Mwaka 1889 alitoa mpango huu: serikali ijenge maghala, mkulima apeleke pamba au ngano, apewe hati, na kwa hati hiyo akopeshwe hadi asilimia 80 ya thamani ya mazao kwa riba ndogo sana. Asilazimike kuuza wakati wa mavuno ambapo kila mtu anauza na bei iko chini. Msomaji wa Mtwara au Lindi atasema hiyo ni stakabadhi ghalani. Inafanana nayo kwa kiasi kikubwa, tofauti kubwa ikiwa kwamba Macune alitaka mkopeshaji awe hazina ya taifa yenyewe, na fedha mpya ziingie mzungukoni kwa njia hiyo.

Muungano huo wa Kusini haukuwapokea Weusi. Wakaunda wao, mwaka 1886, hukohuko Texas, nao ukaenea katika majimbo ya pamba. Mwaka 1891 baadhi ya wanachama wake walipojaribu kugoma ili wachumaji walipwe vizuri, mgomo ulizimwa kwa mauaji katika Lee County, Arkansas. Mwenye shamba mzungu mwenye deni na mchumaji Mweusi anayedai ujira walikuwa na adui mmoja benki, lakini shambani walikuwa pande mbili. Wanasiasa wa chama cha Democrat wa Kusini waliutumia ufa huo bila huruma. Kuanzia Mississippi mwaka 1890, jimbo baada ya jimbo liliandika katiba au sheria za kuwaondoa Weusi kwenye daftari la wapiga kura, kwa kodi ya kichwa na mitihani ya kusoma, na maelfu ya Wazungu maskini wakaondolewa pamoja nao.

Tarehe 4 Julai 1892, mjini Omaha, Nebraska, wakulima walikutana na kuzindua rasmi ilani ya Chama cha Watu. Walidai reli ziwe mali ya serikali, kodi ya mapato inayopanda kadiri mtu anavyopata zaidi, benki za akiba kwenye posta, maseneta wachaguliwe na wananchi moja kwa moja, mpango wa maghala wa Macune, na sarafu za fedha zitengenezwe bila kikomo, uzani wa fedha 16 kwa dhahabu 1, ili fedha mzungukoni ziongezeke na bei zipande. Mgombea wao wa urais, James Weaver, alipata kura zaidi ya milioni moja na kushinda majimbo ya Kansas, Colorado, Idaho na Nevada.

Mwaka uliofuata ulikuja mtikisiko wa 1893. Kampuni za reli zilizokopa kupita kiasi zilianguka, benki kama 500 zikafungwa, na ajira ikatoweka mijini. Mfanyabiashara wa Ohio, Jacob Coxey, aliongoza maandamano ya watu wasio na kazi hadi Washington mwaka 1894, akidai serikali iwaajiri kujenga barabara. Alikamatwa kwa kosa la kukanyaga majani ya bustani ya Bunge. Miaka 50 baadaye, tarehe 1 Mei 1944, akiwa mzee wa miaka 90, aliruhusiwa kusimama kwenye ngazi zilezile na kusoma hotuba aliyonyimwa. Wakati huo serikali ilikuwa imekwisha kuwaajiri mamilioni ya watu kujenga barabara.

Mwaka 1896 William Jennings Bryan, kijana wa miaka 36 kutoka Nebraska, alichukua dai la sarafu za fedha na kulipeleka katika chama cha Democrat. Alishindwa na William McKinley kwa kura milioni 6.5 dhidi ya 7.1, na Chama cha Watu, kilichokuwa kimemuunga mkono Bryan, kikafifia pamoja naye. Bei zilipanda hata hivyo, kwa njia ambayo wengi hawakuitarajia. Dhahabu nyingi ilitoka Klondike na hasa Witwatersrand, Afrika Kusini, ambako wachimbaji Waafrika walilipwa ujira duni chini ya ardhi. Dhahabu hiyo ilivuka bahari, ikaongeza fedha duniani, na bei ya ngano ya Kansas ikainuka. Miaka ya 1909 hadi 1914 ilikuwa mizuri kwa mkulima wa Marekani kiasi kwamba baadaye serikali iliifanya kipimo cha bei ya haki. Mtikisiko mwingine wa mabenki mwaka 1907 ndio uliowasukuma kuunda benki kuu, Federal Reserve, Desemba 1913, ikiwa na matawi 12 ya kikanda. Yakumbuke hayo matawi, nitayarudia.

Sasa tuingie mara ya pili. Vita Kuu ya Kwanza vilipoanza, Ulaya iliacha kulima na kuanza kupigana. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, serikali iliwahimiza wakulima kulima kwa nguvu zote, na aliyesimamia chakula alikuwa Herbert Hoover, yuleyule aliyekuja kuwa rais. Bei ya ngano ilihakikishiwa juu ya dola 2 kwa busheli. Mkulima alikuwa na akili timamu alipokopa kununua ekari zaidi na trekta. Deni la rehani za mashamba nchini kote liliongezeka zaidi ya mara mbili kati ya 1910 na 1920. Nyanda kavu za Magharibi, zilizokuwa za majani na nyati, zilipinduliwa kwa jembe.

Mwaka 1920 dhamana ya serikali iliondolewa, mashamba ya Ulaya yakarudi kazini, Federal Reserve ikapandisha riba. Kufikia mwisho wa 1921 ngano ilikuwa chini ya dola 1. Pamba iliporomoka vibaya zaidi. Kwa hiyo mwanafunzi wako akikuuliza mdororo wa wakulima ulianza lini, mwambie ulianza 1920, na haukupona. Miji ilipata umeme, redio na magari ya mkopo. Kijijini watu walikuwa wakiahirisha deni. Trekta nazo ziliwapunguzia soko, maana farasi na nyumbu walipopungua, shayiri na majani waliyokuwa wakila yakakosa mlaji, na ardhi hiyo ikaongeza nafaka sokoni. Bunge lilipitisha mara mbili muswada wa serikali kununua mazao ya ziada na kuyauza nje, na mara zote mbili, 1927 na 1928, Rais Coolidge aliukataa.

Mkulima asipolipa, anayefuata kuanguka ni benki iliyomkopesha. Hapa Marekani ilikuwa na udhaifu wake wa kipekee. Majimbo mengi yalizuia benki kufungua matawi, kwa hiyo kila mji mdogo ulikuwa na kibenki chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 nchi ilikuwa na benki karibu 30,000. Benki ya namna hiyo huko Iowa ilikuwa imewakopesha watu wa wilaya moja, wote wakilima mahindi na kufuga nguruwe. Bei ya mahindi ikianguka, wadaiwa wote wanaanguka siku moja, na hakuna tawi la mji mwingine la kuziba pengo. Kati ya 1921 na 1929 zilifungwa benki zaidi ya 5,000, nyingi zikiwa za vijijini, katika miaka ambayo vitabu huiita ya neema. Ng'ambo ya mpaka, Kanada ilikuwa na benki chache zenye matawi nchi nzima. Mkulima wa Saskatchewan aliteseka kwa ukame na bei kama mwenzake wa Dakota, lakini katika miaka ya mdororo Kanada haikuangusha hata benki moja.

Basi hali ndiyo hiyo Oktoba 1929 inapofika. Sitaki kuidharau Wall Street, yaani soko la hisa la New York. Kipimo cha bei za hisa cha Dow Jones kilikuwa 381 mwanzoni mwa Septemba 1929, na Julai 1932 kilikuwa 41. Watu waliacha kununua magari na samani, viwanda vikapunguza wafanyakazi. Ila kuanguka kwa hisa kungeweza kubaki mtikisiko mkali wa mwaka mmoja au miwili. Kilichougeuza kuwa Mdororo Mkuu ni mabenki na bei, na vyote viwili vilikuwa vimeoza upande wa mashamba kwa miaka kumi. Kumbuka kwamba mwaka 1930 Mmarekani mmoja kati ya wanne aliishi shambani. Watu milioni 30 ambao hawawezi kununua viatu ni pigo kwa kila kiwanda cha viatu.

Novemba 1930 ilianguka Caldwell and Company, kampuni ya fedha ya Nashville, Tennessee, ikaburuta mabenki mengi ya Kusini yaliyofungamana nayo. Jimbo la Mississippi lilikuwa limegawanywa kati ya matawi mawili ya Federal Reserve, nusu ya kusini chini ya Atlanta, nusu ya kaskazini chini ya St. Louis. Sheria ni moja, pamba ni ileile, hofu ni ileile. Atlanta waliamua kukopesha haraka benki ambazo wateja walizikimbilia kutoa fedha zao. St. Louis walibana, wakiamini mikopo inapaswa kupungua biashara inapopungua. Benki za nusu ya kusini zilinusurika kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko za kaskazini, na biashara zake pia. Binafsi sijaona ushahidi mwingine unaonyesha kwa uwazi hivi kwamba balaa lile lilikuwa na sehemu iliyozuilika. Wakubwa wa Federal Reserve kwa ujumla walifuata njia ya St. Louis. Uingereza ilipoacha kubadilisha fedha yake kwa dhahabu Septemba 1931, wao walipandisha riba kutoka asilimia 1.5 hadi 3.5 ili dhahabu isitoroke, katikati ya mdororo. Kati ya 1930 na 1933 zilifungwa benki kama 9,000, na fedha mzungukoni zilipungua kwa theluthi moja hivi.

Fedha zikipungua, bei zinafuata. Mwaka 1932 mkulima aliuza busheli ya ngano kwa wastani wa senti 38. Rudi kwenye hesabu ya ubaoni: aliyekopa dola 2,000 mwaka 1919, ngano ikiwa dola 2, alikuwa na deni la busheli 1,000. Mwaka 1932 deni hilo ni zaidi ya busheli 5,000.

Hapa ndipo swali la mkate na mahindi linapojibika. Mahindi mwaka 1932 yaliuzwa kama senti 32 kwa busheli, na sehemu nyingine hata chini ya hapo. Kuyavuna, kuyapukuchua na kuyalipia nauli ya reli kulimeza karibu bei yote. Familia ya nyanda za Magharibi ilihitaji makaa ya mawe ya majira ya baridi, na ilipopiga hesabu iliona kuyachoma mahindi ni nafuu kuliko kuyauza ili inunue makaa. Mjini nako, mtu mmoja kati ya wanne wenye uwezo wa kufanya kazi hakuwa na kazi mwaka 1933. Chakula kilikuwepo, tumbo lenye njaa lilikuwepo. Fedha ya kuviunganisha haikuwepo. Hata vijijini njaa iliingia. Ukame wa 1930 ulipoikausha Arkansas, wakulima mia kadhaa waliingia mji mdogo wa England mwanzoni mwa Januari 1931, wakadai chakula cha familia zao, na wafanyabiashara wakawagawia. Hoover, aliyewalisha Wabelgiji wakati wa vita, alishikilia kwamba serikali kuu isiwagawie wananchi wake chakula, kazi hiyo ibaki ya Msalaba Mwekundu.

Wakulima hawakukaa kimya. Shamba likipigwa mnada, majirani walijaa uwanjani, wakataja bei ya senti kadhaa kwa ng'ombe na senti kadhaa kwa jembe, na mgeni aliyetaka kupandisha dau alionyeshwa kitanzi kinachoning'inia ghalani. Kisha walimrudishia mwenyewe mali yake. Kiangazi cha 1932 wakulima wa Iowa walifunga barabara za kuingia Sioux City wakizuia maziwa na mifugo visifike sokoni. Aprili 1933, huko Le Mars, Iowa, waandamanaji walimtoa jaji mahakamani, wakamvisha kamba shingoni kwa sababu alikataa kuapa kwamba hatasaini tena amri za kuuza mashamba. Walimwacha hai. Gavana akatangaza utawala wa kijeshi. Hawa walikuwa watu wa kanisani, wapiga kura wa Republican wa miaka mingi. Jimbo la Minnesota lilitunga sheria ya kuahirisha kuuza mali zilizowekwa rehani, na Mahakama Kuu ya Marekani ikaikubali mwaka 1934.

Franklin Roosevelt aliapishwa tarehe 4 Machi 1933. Tarehe 6 akafunga benki zote za nchi. Tarehe 12 akazungumza redioni kwa lugha nyepesi, akaeleza benki inavyofanya kazi na kwa nini zitakazofunguliwa ni salama, na watu wakapanga foleni kurudisha fedha. Ukiweka yaliyofuata kando ya madai ya Omaha ya 1892, utashangaa. Dola ilitenganishwa na dhahabu, na Januari 1934 wakia moja ya dhahabu ikapandishwa kutoka dola 20.67 hadi 35, ili bei za mazao zipande. Serikali ilichukua rehani nyingi za mashamba na kuzipa riba nafuu. Oktoba 1933 shirika jipya la serikali lilianza kumkopesha mkulima senti 10 kwa kila ratili ya pamba iliyo ghalani: bei ikipanda auze na kulipa, isipopanda aiachie serikali pamba na deni liishe. Huo ni mpango wa Macune, umefika miaka 44 baada ya kuandikwa. Bima ya amana, ambayo ilani ya 1892 haikuitaja, ilianza tarehe 1 Januari 1934, na mwaka huo wote zilianguka benki 9 tu kati ya zilizokuwa na bima.

Lakini msimwache mwanafunzi wa kwenye pamba aamini kwamba wote walipona. Ili kupandisha bei, serikali iliwalipa wenye mashamba wapunguze kilimo, na kiangazi cha 1933 ekari milioni 10 za pamba iliyokwisha kuota zilipinduliwa. Malipo yalipitia kwa mwenye ardhi. Alitakiwa kumgawia mkulima wake, na wengi hawakugawa. Ardhi ikipungua, wakulima wa kugawana mavuno hawahitajiki, kwa hiyo waliambiwa waondoke, na fedha za serikali zikanunua trekta. Julai 1934, karibu na Tyronza, Arkansas, Wazungu 11 na Weusi 7 waliunda chama kimoja cha wapangaji wa mashamba, jambo la hatari ya kufa katika jimbo ambalo mwaka 1919, huko Elaine, wakulima Weusi waliokutana kudai bei ya haki ya pamba waliuawa kwa wingi. Wanasheria wa wizara ya kilimo waliojaribu kulazimisha wapangaji wabaki mashambani walifukuzwa kazi Februari 1935. Roosevelt alihitaji kura za wazee wa Kusini walioongoza kamati za Bunge, na gharama ya kura hizo ililipwa na watu hawa. Sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935 iliacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, na wengi wa wafanyakazi Weusi walikuwa katika makundi hayo mawili.

Januari 1939, kusini-mashariki mwa Missouri, zaidi ya watu elfu moja waliofukuzwa mashambani, wengi wao Weusi, walipiga kambi kwenye theluji kando ya barabara kuu, wakiwa na magodoro na majiko yao, ili kila mwenye gari awaone. Polisi wa jimbo waliwaondoa kwa malori baada ya siku chache. Idadi ya wakulima wa kugawana mavuno katika majimbo ya Kusini ilishuka kutoka zaidi ya 770,000 mwaka 1930 hadi kama 540,000 mwaka 1940. Bei ya pamba ilikuwa imepanda kuliko ya 1932. Waliotolewa shambani hawakuwa na pamba ya kuuza.